Agosti Unguja na watoto wasiojua kuogelea: Paje au Nungwi?

MwanaKirumba
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa nane tunashuka Unguja kutoka Mwanza: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 6 na 9) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Kwanza tutalala Mji Mkongwe, hilo mke kashaamua na halina mjadala. Baada ya hapo ndipo tunapogawanyika. Yeye kaona picha za Paje, mchanga mweupe pee, anataka huko. Shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi hotelini anasema tusihangaike, twende Nungwi, kule kaskazini. Watoto hawajui kuogelea, maana ziwani hatuwaachii kwa sababu ya kichocho. Bajeti ni ya mtumishi wa umma, msinipeleke kwenye hoteli za dola. Tukae wapi?

Nahodha Mstaafu
Kabla hujalipia chumba, tafuta kwanza ratiba ya maji kujaa na kupwa ya tarehe zenu. Nyie wa ziwani hamna habari hizi. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na ufuo. Maji yakipwa bahari inakimbilia huko, wewe unabaki na mchanga, majani na vidimbwi.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa jioni mnamo saa kumi. Tofauti yake inaweza kukaribia mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu: asubuhi yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali vile. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50. Hiyo picha aliyoiona mkeo haidanganyi, ila haikusema ilipigwa saa ngapi.

Kaskazini_A
Nungwi na Kendwa, basi. Huko maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote. Halafu Agosti ni kusi, upepo unapiga moja kwa moja pwani ya mashariki. Paje utakuta anga imejaa yale maparachuti ya wanaoteleza juu ya maji, wao ndio wanaoufurahia huo upepo. Upande wa Kendwa umekingwa. Kutoka mjini ni kilomita 60 hivi, daladala namba 116, ingawa kwa magoti ya bibi ningekodi gari. Ila angalieni mwezi: kila ukiwa mpevu Kendwa kunapigwa disko kubwa ufukweni, hamtalala.

Bint Makunduchi
Nahodha kasema kweli lakini kawatisha watu bure. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mashariki si pabaya hata kidogo. Mawimbi yanavunjikia kule mwambani, huku ndani maji ni kina cha goti, tena ya vuguvugu. Kendwa mtoto akipiga hatua chache tu maji yako kifuani. Na maji yakipwa ndiyo raha yenyewe! Mwanangu anaweza kuinamia kidimbwi kimoja asubuhi nzima: kaa anatoka na gamba lake, samaki wadogo wa milia wamejificha chini ya jiwe, kiti cha pweza mwekundu, yule wa umbo la nyota, amejibandika mchangani. Mwambie asiwatoe majini kupiga nao picha, wanakufa.

Mama mkwe naye atawaona akina mama wa mwani Jambiani na Paje, wamekaa majini wanafunga vipande kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Lile ni shamba la mtu, msikanyage kamba. Na usimpige mtu picha bila kumuomba.

Vaeni yeboyebo wote, kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, ukimkanyaga likizo imekwisha. Mkitembea kuelekea mwambani, maji yakianza kurudi nanyi rudini. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu.

MwanaKirumba
Aisee, ahsanteni. Sikujua bahari ina ratiba kama treni. Vipi kuhusu mavazi, na hao papasi, vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari, tunaosikia wanasumbua? Watoto pia wanadai pomboo wa Kizimkazi.

Bint Makunduchi
Mchangani mbele ya hoteli vaa nguo ya kuogelea. Ukiingia kijijini jifunge kanga, na wewe baba vaa shati. Papasi msalimie vizuri, mwambie "ahsante kaka, tumeshapanga", endelea na safari. Ukianza kuuliza bei kwa kujifurahisha tu, utakuwa naye mpaka magharibi.

Pomboo mimi siwapendekezi. Boti nyingi zinawazunguka na watu wanarukia majini juu yao. Wapeleke watoto kisiwa cha Changuu wakaone makobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, ni karibu na mjini. Ila boti ya kule ina kupanda na kushuka, bibi aulizwe kwanza.

Nahodha Mstaafu
Naunga mkono. Na kisiwa cha Mnemba msiende safari hii. Matumbawe yake ni mazuri mno, lakini ni ya mtu anayejua kuogelea, na kusi likivuma boti ndogo inarushwarushwa. Hata boti ya kutoka Dar mwezi huo inacheza. Mama akae chini, sehemu ya katikati, anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda.

MwanaKirumba
Nimemsomea mke uzi mzima. Tumekubaliana tukae Nungwi, halafu siku ambayo maji yanapwa asubuhi tukodi gari hadi Jambiani tushinde huko. Karidhika, ingawa anasema ameshinda yeye. Chumba nimeomba cha chini kwa ajili ya mama.

Kaskazini_A
Chumba cha chini hakitoshi, mkuu. Nungwi nyumba nyingi za wageni zimekaa juu ya jabali na ufuo uko chini. Piga simu uulize ngazi za kushukia mchangani ziko ngapi, na kama zina pa kushikilia. Wakijibu "chache tu", omba wakutumie picha.