TIC-80 au Godot kwa gemu la kuruka majukwaa?

KondaWaTandika: Wakuu, natengeneza gemu kama zile za miaka ya 1980. Konda anaruka kutoka paa la daladala moja hadi jingine, Kariakoo. Laptopu yangu ina ramu ya GB 2. Nianze na programu ipi ya kutengenezea gemu, TIC-80 au Godot?

BintiMbagala: TIC-80, mkuu. Skrini pikseli 240 kwa 136, rangi 16, unachora na kuandika kodi (maagizo ya gemu) kwa lugha ya Lua humohumo. Godot ni nzuri na ya bure, ila kwa mashine hiyo utateseka.

FundiPikseli: Na mruhusu konda aruke hata fremu 5 (picha za skrini zinazopita kwa kasi) baada ya mguu kutoka ukingoni. Mdogo wangu alilalamika wiki nzima kwamba kitufe kibovu, kumbe alikuwa anachelewa kidogo tu!

KondaWaTandika: Nimeweka 6. Konda haanguki ovyo tena. Asanteni sana.