Nimezoea Scrabble ya Kifaransa: maneno ya ajabu ya Kiingereza nianzie wapi?

Himbi7 (Goma)
Jambo ndugu zangu. Scrabble ya Kifaransa, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni, naimudu; ODS, kamusi yake rasmi, naijua vizuri. Sasa wenzetu wa Gisenyi wanacheza kwa Kiingereza, kwa kamusi ya Collins, na mtu akiweka CWM, ZAX au ZEK nabaki kuduwaa. Kiingereza changu ni cha shuleni tu. Je, lazima nijue maana ya kila neno? Na nianze na maneno gani? Tena pointi zangu hazipandi hata nikipata K au W, sijui nakosea wapi.

KadutuZ (Bukavu)
Yaya, anza na hilo la mwisho, ndilo linalokula pointi zako. Kwa Kifaransa K, W, X, Y na Z zote ni 10. Kwa Kiingereza K ni 5, W na Y ni 4 kila moja, X ni 8. Zenye 10 ni Q na Z peke yake. Chukua OKAPI, mnyama wetu: kwa Kifaransa ni pointi 16, kwa Kiingereza 11, kabla ya kuhesabu visanduku vya rangi vya ubao vinavyozidisha pointi. Kwa hiyo usikae na W mkononi zamu tatu ukingoja nafasi nzuri. W ziko mbili, Y pia mbili, zitoe.

Mfuko nao si uleule. Jetoni, vile vipande vya herufi, ni 100, si 102. S ziko 4 badala ya 6, basi usiitupe S kwa neno la pointi 8; iweke kwa neno la herufi saba na ile bonasi ya 50 ya kutoa jetoni zote saba kwa mpigo. U nazo ni 4 badala ya 6, ndiyo sababu Q inawakwama watu sana. Mtu asiyejua maneno ya Q bila U ataishia kubeba hiyo Q hadi mwisho.

Maana? Sheria haikuulizi maana. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuongea Kifaransa. Lakini huyo ni Nigel Richards. Sisi wengine, neno lisilo na maana linatoka kichwani kwa wiki moja.

Katuba_Jetoni (L'shi)
Naongezea hapo kwenye maana, kwa sababu Mswahili ana mlango ambao Mfaransa hana. Maneno mengi ya Kiingereza yanayoonekana ya ajabu yametoka kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili chenyewe. Maana unayo tayari, kilichobaki ni tahajia.

Angalia Q bila U. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. SUQ ni soko. QAT ni mirungi, na inaandikwa pia KAT au KHAT, kwa hiyo ukikosa Q bado una njia. Kadhi naye anaandikwa QADI, KADI au CADI. Usimchanganye na QAID, huyo ni chifu. Kwa J kuna DJINN, ambaye ni jini, na hija ina sura tatu: HAJ, HADJ, HAJJ. Kwa Z, ZAKAT ni zaka. DHOW ni jahazi.

Kisha yale yetu kabisa: ASKARI, BWANA, SHAMBA, PANGA, DUKA, BOMA, UHURU, JAMBO (16), KANZU (18), MZEE (15). Hata UGALI umo, ila ni pointi 6 tu. Bukari, yaani ugali huohuo, unashibisha tumbo, si karatasi ya pointi. SAFARI imegeuzwa kitenzi: SAFARIED na SAFARIING zinakubalika, na wapinzani wengi watazipinga bure. Lakini usijidanganye kwamba kila neno letu limeingia. CHAKULA haimo.

Kuhusu maneno ya herufi mbili: toleo la Collins la 2019 lina maneno 127, baada ya kuongeza OK, EW na ZE. Viunganishi vyetu vingi vimo humo, ingawa kwa maana nyingine: YA, ZA, LA, NA, KA, KI, MA, PA, SI, JA. ZA ni pizza kwa lugha ya mtaani, KA ni roho kwa Wamisri wa kale, JA ni "ndiyo" ya Afrika Kusini. WA, KU, NI na TU hazimo, hapo ndipo mkono wa Mswahili unateleza. Na ya Kifaransa, JE, IL, VU na WU, yaache mpakani.

Himbi7 (Goma)
Aksanti sana! Hiyo ya YA na ZA sikuiwaza kabisa. Lakini CWM bado. Neno gani halina hata vokali moja?

KadutuZ (Bukavu)
Lina vokali: W. Ni neno la Kiwelisi, na kwao W inatamkwa U, basi soma "kum". Maana yake ni bonde la duara kama bakuli, lililochimbwa na barafu mlimani. Yapo mengi Rwenzori. Wingi ni CWMS. Ndugu yake ni CRWTH, ala ya muziki yenye nyuzi, soma "kruth".

ZAX ni kifaa cha fundi paa: kama panga fupi lenye mwiba mgongoni, la kukatia na kutobolea mawe bapa ya kuezekea. ZEK ni mfungwa wa kambi za Sovieti. ZO ni chotara wa ng'ombe na yak, ng'ombe wa Asia mwenye manyoya marefu. Ukibandika D mbele unapata DZO, mnyama yuleyule.

Ubao15 (Goma)
Tahadhari moja: hakikisha programu unayofanyia mazoezi inatumia Collins. Orodha ya Marekani inakataa ZO na DZO, na maneno yake ya herufi mbili ni 107 tu. Mtu anafanya mazoezi miezi kwa orodha hiyo, kisha anashangaa kwenye meza.

Na ulizeni sheria ya kupinga, yaani kudai neno la mwenzako halimo kwenye kamusi, kabla ya kuanza. Kwenye mashindano mengi ya Collins, ukipinga neno sahihi unatozwa pointi 5. Kwa Marekani unapoteza zamu nzima.

Himbi7 (Goma)
Na QI? Hiyo hata kwa Kifaransa ninayo.

Katuba_Jetoni (L'shi)
Basi itumie pande mbili. Tafuta kisanduku kinachozidisha pointi za herufi mara tatu, kile cha bluu iliyokolea, chenye I upande wa kulia na I nyingine chini yake, zote mbili wazi. Weka Q peke yake: 31 kwenda kulia, 31 kwenda chini, jumla 62 kwa jetoni moja. Na usisahau kuangalia kama mpinzani naye anakiona hicho kisanduku. Ukiona Q bado haijatoka, kizibe mapema.