Kujitolea kuhifadhi majengo ya kale ya mji: asiye fundi aanzie wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninapenda kutoa saa chache kila wiki kusaidia kuhifadhi majengo ya kale ya mji ninaoishi, lakini sina ujuzi wa uashi, useremala wala usanifu majengo. Kazi yangu ni uhasibu. Naona nyumba za miaka mingi zikiachwa paa livuje mpaka kuta zinaanza kumomonyoka, kisha zinatangazwa kuwa hatari na kubomolewa, na mahali pake panasimama jengo ambalo lingeweza kuwa katika mji wowote ule. Jambo hili linaniuma. Hata hivyo, kila nikifikiria uhifadhi ninamwona fundi aliye juu ya jukwaa akipiga lipu, kazi ambayo siiwezi. Je, ipo kazi ya maana kwa mtu kama mimi, au nitakuwa mzigo tu kwa wanaojua?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mtunza nyaraka

Ndugu, ipo, na kwa maoni yangu ndiyo kazi inayotangulia nyingine zote: kuweka kumbukumbu za majengo yakiwa bado yamesimama. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, walimu na wanafunzi wa usanifu majengo katika chuo cha ufundi cha Warsaw, mji mkuu wa Poland, walikuwa wamepima na kuchora majengo mengi ya kale ya mji wao, na michoro ile ilifichwa wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Mji ulipobomolewa kwa makusudi mwaka 1944, michoro hiyo, pamoja na picha zilizochorwa na Bernardo Bellotto katika karne ya 18, ndiyo iliyowaongoza waliojenga upya mitaa ya kale, ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Mfano wa miaka ya karibuni ni wa Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, aliyepima kanisa kuu la Notre-Dame la Paris kwa miale ya leza kwa ajili ya utafiti wake. Alifariki mwaka 2018, na moto ulipoliunguza kanisa hilo Aprili 2019, vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia waliolijenga upya. Wote hao walikuwa wakipima majengo yaliyokuwa mazima, bila kujua kwamba yangeharibiwa.

Wewe huhitaji leza. Piga picha za kila upande wa jengo unaoruhusiwa kuufikia, ukiweka ndani ya picha kitu chenye urefu unaojulikana ili vipimo viweze kukadiriwa baadaye, na andika tarehe na upande ambao kamera ilielekea. Usipige uso wa jengo tu, kwa sababu vinavyotoweka kwanza ni vitu vidogo: bawaba, komeo, vishikio vya ngazi, fremu za madirisha. Zungumza pia na wazee waliowahi kukaa humo, na uandike maneno yao jinsi walivyoyasema.

Na kwa kuwa wewe ni mhasibu, kuna hazina ambayo wapenzi wengi wa majengo huikwepa kwa kuona inachosha, nayo ni vitabu vya kodi ya majengo vya miaka ya nyuma. Thamani ya nyumba inayotozwa kodi ikipanda ghafla katika mwaka fulani, ilhali za majirani hazikupanda, mara nyingi ni dalili kwamba iliongezwa ghorofa au sehemu nyingine. Jina la mlipaji likibadilika, unapata mahali pa kuanzia kutafuta hati ya mauziano. Mtu aliyezoea kusoma safu za hesabu ataona katika vitabu hivyo mambo ambayo sisi wengine tunayapita bila kuyatambua, na historia ya mtaa mzima inaweza kuandikwa kutokana navyo.

Jibu la pili, kutoka kwa fundi wa chokaa

Nakubaliana na aliyetangulia, ila nisingependa uhofie kushika kazi kwa mikono. Kinachoua majengo mengi ni maji. Mfereji wa paa ukiziba majani, maji humwagikia ukutani msimu baada ya msimu, ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza, na siku moja dari linaanguka. William Morris na wenzake walipoanzisha jumuiya ya kulinda majengo ya kale nchini Uingereza mwaka 1877, walisisitiza kwamba jengo litunzwe siku kwa siku ili lisifike mahali pa kuhitaji matengenezo makubwa yanayolibadilisha sura. Kundi la watu wa kujitolea linalokagua mifereji kabla ya mvua, likang'oa miche iliyoota katika nyufa ikiwa bado michanga, linaokoa zaidi ya kampeni nyingi za kuchangisha fedha.

Nina ombi moja zito: msizibe nyufa za ukuta wa kale kwa saruji, hata kama nia ni njema. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji hunaswa nyuma yake, chumvi iliyomo huganda na kuwa chembe ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe hupukutika huku saruji ikibaki nzima. Kuta za mawe ya matumbawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina hatari hiyo hiyo. Jambo jingine ni usalama. Mpigapicha Richard Nickel, aliyetumia miaka mingi kurekodi majengo ya Chicago yaliyokuwa yakibomolewa, alikufa mwaka 1972 baada ya kufunikwa na kifusi alipokuwa akiokoa mapambo ndani ya jengo la soko la hisa. Usiingie peke yako katika jengo linalobomoka.

Jibu la tatu

Naona wachangiaji wamesahau watu wanaokaa ndani ya nyumba hizo. Stesheni ya Pennsylvania ya New York ilianza kubomolewa mwaka 1963, ingawa wasanifu majengo walikuwa wameandamana barabarani kuitetea, na ilikuwa mpaka mwaka 1965 ndipo mji huo ulipopata sheria ya kulinda majengo yake ya kihistoria. Sheria ni lazima, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mjane anayekaa chini ya paa linalovuja, akikatazwa kuweka mabati na asipewe fedha za vigae, ataliona jina la urithi kama adhabu. Mhasibu anayekaa na mwenye nyumba kama huyo, akamsaidia kukadiria gharama za matengenezo, kujaza maombi ya ruzuku na kutunza risiti, analihifadhi jengo kwelikweli. Vyama vingi vya uhifadhi pia vinahitaji mweka hazina mwaminifu kuliko mtu wa kubeba mawe.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nitaanza na vitabu vya kodi, kisha niombe kujiunga na chama kilichopo. Naomba kuuliza jambo moja tu: mwenye nyumba akikataa nisipige picha ndani, nifanye nini?

Mtunza nyaraka

Akikataa, heshimu neno lake na usipige kwa siri. Rekodi upande unaoonekana kutoka barabarani, mpelekee nakala, na umweleze picha zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuziona. Wengi hukataa kwa kuhofia kwamba nyumba ikiorodheshwa kuwa urithi watanyimwa ruhusa ya kuitengeneza au kuiuza, kwa hiyo kabla hujabisha hodi soma sheria ya mji wako inasema nini hasa juu ya jambo hilo, na usimwahidi lolote ambalo halimo humo.