Sikio la mbwa linanuka, dawa inatuliza kisha tatizo linarudi

Mfugaji_Kibaha: Wakuu, mbwa wangu ni chotara wa German Shepherd, dume, miaka 3. Anatikisa kichwa usiku kucha, sikio la kulia lina uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya hamira iliyochacha. Dukani walinipa matone. Siku 4 akapoa, nikaacha. Hii mara ya tatu. Naweza kusafisha kwa spiriti?

BwanaMifugo: Spiriti weka kando mkuu, ngozi ya mle imeshachubuka, utamchoma bure. Vijiti vya pamba navyo vinashindilia uchafu. Tundu la sikio la mbwa linashuka chini, kisha linapinda kuelekea kwenye ngoma ya sikio, kama herufi L. Ukidondoshea matone juu ya uchafu yanakwama njiani.

Nunua maji maalumu ya kusafishia masikio ya mbwa. Yashike kiganjani mpaka ubaridi uishe. Vuta sikio juu, jaza tundu, kanda shina la sikio sekunde 30. Ukisikia chwa-chwa ujue yamefika chini. Mwache ajitikise (mfanyie nje, la sivyo utafua mapazia). Futa kwa pamba, usipite pale kidole kinapoishia. Subiri dakika 10 hadi 15 ndipo uweke dawa.

Ila akiwa anainamisha kichwa upande mmoja au anayumba, usimimine kitu. Huenda ngoma imetoboka, na baadhi ya dawa zikipita hapo humfanya kiziwi.

Hadubini: Kahawia yenye mafuta na harufu hiyo mara nyingi ni fangasi, Malassezia. Kama matone yalikuwa antibiotiki tupu, hayakugusa fangasi. Uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, hasa kwa watoto wa mbwa, ni utitiri. Hapo unatibu wanyama wote wa nyumbani, paka akiwemo. Usaha wa njano au kijani, bakteria. Lakini rangi ni kubahatisha. Mwambie daktari apake uchafu kwenye kipande cha kioo auangalie kwa hadubini. Dozi kwa kawaida ni siku 7 hadi 14, na anaangaliwa tena kabla ya kuacha. Siku 4 zimeondoa muwasho tu.

BwanaMifugo: Na mara ya tatu si bahati mbaya. Analamba miguu, anajikuna kwapani?

Mfugaji_Kibaha: Miguu analamba sana! Vidole vimekuwa vyekundu.

BwanaMifugo: Basi shuku aleji. Anza na kumtibu viroboto. Halafu chakula: wiki 8 nyama ambayo hajawahi kula, mfano sungura, bila dagaa wala mabaki ya mezani. Kipande kimoja cha mshikaki kinaharibu jaribio lote. Akipona, safisha masikio mara moja kwa wiki na kila baada ya kuoga. Kila siku ni kuloweka ngozi.

Mfugaji_Kibaha: Kesho asubuhi nampeleka. Nimsafishe leo?

Hadubini: Hapana, mpeleke na uchafu wake. Ukiuosha, daktari atapaka nini kwenye kioo?