Mjadala: Yasuke alistahili kuwa stelingi wa Assassin's Creed Shadows, au tumepewa nyundo tu?

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza gemu hii juzi, saa nane usiku na ushei, siku ileile niliyomwahidi mke wangu kwamba nalala mapema. Kelele zake nilizisikia tangu mwanzo nikanyamaza, maana sipendi kubishana juu ya kitu ambacho sijakishika. Sasa nimekishika, zaidi ya saa sitini padi mkononi, kwenye PS5 ya mdogo wangu ambaye mwenyewe anaijua mpira tu. Naomba tubishane kwa adabu.

Kwa ambaye hakufuatilia: Ubisoft, kampuni iliyoitengeneza gemu hii, walitoa trela Mei 2024, gemu ikaahirishwa mara mbili, ikatoka tarehe 20 Machi 2025. Ni Japani ya karne ya 16, enzi za Oda Nobunaga, yule mbabe aliyekuwa anaiunganisha nchi kwa moto na upanga. Unacheza na watu wawili. Naoe ni binti wa shinobi (ninja, mpelelezi wa siri) wa jimbo la Iga, wa kubuni. Yasuke ni Mwafrika aliyeishi kweli, akamtumikia Nobunaga. Trela haijapoa, vita ikaanza. Wengine wakauliza kwa nini gemu ya Japani, iliyoombwa na mashabiki miaka nenda rudi, stelingi wake wa kiume asiwe Mjapani. Wengine wakasema Yasuke hakuwa samurai, yaani askari wa heshima wa bwana, alikuwa mbeba silaha tu. Upande wa pili wakajibu kwamba anayeuliza hivyo ni mbaguzi, basi, mjadala ukafia hapo.

Mimi nasema alistahili. Lakini gemu imemwonea, na waliomtetea kwa nguvu zote hawakuligusa hilo hata kidogo.

Nianze na mkononi. Naoe ni raha tupu. Usiku mmoja niliingia naye ngome ya Himeji mvua inanyesha, nikawa nazima taa moja baada ya nyingine, natambaa kifudifudi ukutani, walinzi wanapita wakilalamikia baridi. Ana kamba yenye kulabu, ana kusarigama, ule mundu wa mnyororo, ana kisu kilichofichwa mkononi. Majira yanabadilika kweli: bwawa nililojificha ndani yake kiangazi nililikuta limeganda barafu, nikabaki nimesimama wazi kama mwizi wa kuku asubuhi. Hapo nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Ukimchukua Yasuke ni dunia nyingine. Ni mzito. Hapandi kuta ndefu. Milango anaivunja kwa bega. Ana rungu la chuma liitwalo kanabo, ukimpiga nalo mtu na kofia yake ya vita, hakuna cha kujadili. Lile rukaruka la kutoka mnarani hadi kwenye nyasi, ambalo wahusika wa mfululizo huu wamelifanya kama ndege tangu 2007, yeye analifanya kama gunia la mkaa: nyasi zinatawanyika, anainuka anaugulia. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, halafu nikafikiri. Walioitengeneza walitaka huyu mtu asiweze kujificha, na hilo ni kweli kabisa kwake. Mwafrika mrefu Kyoto mwaka 1581 angejificha wapi?

Barua za Wajesuiti, mapadri wa Kikatoliki waliokuwa wakihubiri huko, zinasimulia kwamba alipofika Kyoto watu walifurika kumtazama mpaka wakavunja mlango wa nyumba ya mapadri, wengine wakaumia. Nobunaga akaagiza aletwe. Hakuamini rangi ile, akamvua nguo hadi kiunoni akamsuguza, akidhani ni wino. Gemu inaanza hapo, na ni mwanzo mzuri: Yasuke bado anaitwa Diogo, yuko na mapadri, na ukichagua sauti za asili unawasikia wakizungumza Kireno kati yao huku Wajapani wakisema Kijapani. Nawashauri mcheze hivyo. Kiingereza kinaharibu.

Ila angalia kinachofuata. Baada ya utangulizi na kipande cha shambulio la Iga, Yasuke anapotea. Unacheza na Naoe saa nyingi mno, mimi nadhani zilipita kumi kwa mwendo wangu wa konokono, ndipo anarudi. Na akirudi, zaidi ya nusu ya kazi Naoe anaziweza vizuri kuliko yeye. Yasuke umebaki unamwita pale tu ambapo kuna geti la kuvunja. Historia yake mwenyewe, ya utumwani mikononi mwa Wareno, inakuja mwishoni mwishoni, wakati mchezaji ameshachoka na anatafuta kumaliza. Yaani mtu mwenye maisha ya ajabu kuliko wote humo ndani ndiye kapewa kazi ya fundi ubomoaji.

Sasa lile la samurai au si samurai. Rekodi zinasema nini? Ōta Gyūichi, mtumishi wa Nobunaga aliyeandika maisha ya bwana wake, anamtaja: kijana wa miaka 26 au 27 hivi, mwenye afya, nguvu za watu kumi. Nakala moja ya maandishi hayo inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi, na mara nyingine alibeba silaha za bwana. Matsudaira Ietada, mtu wa Tokugawa, bwana mshirika wa Nobunaga, alimwona mwaka 1582 akaandika kwenye shajara yake kwamba alikuwa mrefu na mweusi kama wino. Mjesuiti mmoja akaandika kwamba mjini watu walisema Nobunaga atamfanya bwana mwenye ardhi. Juni mwaka huohuo Akechi Mitsuhide, jemadari wa Nobunaga mwenyewe, akamsaliti kwenye hekalu la Honnō-ji. Yasuke alikwenda alikokuwa mtoto wa Nobunaga, akapigana muda mrefu, mwisho akasalimisha upanga. Akechi akasema huyu ni mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, apelekwe kwa mapadri. Baada ya hapo, kimya. Yote hayo ni kama miezi kumi na tano tu.

Je, huyo ni samurai? Wanaobisha wanatumia maana ya baadaye, ya tabaka lililofungwa ambalo huingii bila ukoo. Wakati wa Nobunaga mlango ulikuwa bado wazi. Toyotomi Hideyoshi, aliyekuja kuitawala Japani nzima, alikuwa mtoto wa wakulima, na ni yeyeyule aliyeufunga mlango kwa kuwanyang'anya wakulima panga mwaka 1588. Mtu aliyelishwa na bwana, akapewa nyumba na upanga, akampigania mwanawe baada ya bwana kufa, mimi sioni ubishi mkubwa. Lakini sitampigia mtu kelele akisema neno "samurai" halijaandikwa popote kumhusu. Hiyo ni hoja halali.

Kuna jambo linanigusa binafsi. Wengi wanaamini alitoka Msumbiji. Mjesuiti wa Kifaransa aliandika hivyo mwaka 1627, na Valignano, padri aliyemleta Japani mwaka 1579, alikuwa amepita Msumbiji akielekea India. Wapo wanaodhani alikuwa Mmakua. Hilo ni la kukisia, silibebi kama ukweli. Ila mimi upande wa mama ni Mmakua wa Masasi, na Wamakua wa huku na wa ng'ambo ya Ruvuma ni ndugu. Kwa hiyo nikimwona yule mtu anatembea njiani Kyoto, wanakijiji wanainama anapopita, roho inanituma kusema "mjomba!" Ndiyo maana nakasirika wanapomfanya nyundo. Ungefikiri watu waliopata stelingi kama huyu wangekaa naye chini wamuulize: mama yako alikuitaje? Unaota kwa lugha gani? Yasuke si jina lake, Diogo si jina lake. Gemu ya saa sitini haikuona haja ya kukaa na hilo.

NYONGEZA (saa mbili baadaye)

Nimesoma michango yote. Nijibu mitatu.

Mmoja anasema namtetea kwa rangi tu, na kwamba tungepewa Mzungu stelingi Japani tungeshangilia. Mkuu, tumeshapewa. Gemu ya Nioh ya 2017 stelingi wake ametokana na William Adams, Mwingereza aliyeishi kweli, na iliyoitengeneza ni kampuni ya Kijapani. Yasuke yumo humohumo, kama bosi unayepigana naye. Sikumbuki dunia ikisimama. Mkuki kwa nguruwe. Na mfululizo huu wenyewe ulishampeleka Ezio, Mtaliano, mpaka Istanbul, na Edward, mtu wa Wales, mpaka Karibi.

Wa pili kanibana kweli, na nakubali kiasi. Anasema kila nchi wamechukua mwenyeji: Bayek Misri, Ezio kwao Italia, na walipofika Japani wakaona mwanaume Mjapani hatoshi. Akaongeza kwamba Waafrika tungeudhika kama gemu kubwa ya kwanza ya Kilwa au Mombasa stelingi wa kiume angekuwa Mreno. Hapo nilikaa nikafikiri. Ndiyo, ningeudhika. Ningeudhika sana. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mreno Kilwa mwaka 1505 alikuja na mizinga akauteka mji, na Yasuke alifika Japani bila nguvu yoyote, akiwa chini ya watu wengine. Lakini gemu yenyewe inaivuruga hoja yangu, maana inamweka Yasuke kwenye jeshi la Nobunaga linaloteketeza Iga, nyumbani kwa Naoe. Rekodi hazimweki pale. Wameamua wao. Nadhani walitaka awe na dhambi ya kubeba ili urafiki wake na Naoe uwe na uzito, na kwa upande wa hadithi imefanya kazi: kuna ukimya kati yao wawili ambao ni bora kuliko maneno yote ya gemu. Ila sasa Mjapani akisema "mmemleta mgeni mkamkabidhi kijiji chetu achome", nitamjibu nini? Sina jibu zuri.

Hapo pia niseme, kulikuwa na malalamiko ya Wajapani ambayo hayakuwa na ubaguzi wowote ndani yake, na yalifukiwa kwenye kelele za Wamarekani. Ubisoft walitumia kwenye michoro yao bendera ya kikundi halisi cha kuigiza vita vya zamani bila ruhusa, wakaomba radhi. Halafu kwenye gemu ungeweza kuvunjavunja vitu ndani ya hekalu ambalo lipo kweli na watu wanasali humo hadi leo. Suala likafika bunge la Japani, Ishiba, Waziri Mkuu wa wakati huo, akaulizwa, akasema kuchafua mahali patakatifu hakukubaliki. Wakatoa marekebisho siku ya kwanza, meza na rafu za humo hazivunjiki tena. Mimi nilijaribu, rungu linagonga linarudi. Jiulize ingekuwa ni msikiti wa mtaani kwenu au kanisa la bibi yako, mtoto wa Kanada anavunja mimbari kwa kujifurahisha. Hilo si jambo la kumwita mtu mbaguzi.

Wa tatu kasema "gemu ni gemu tu, mnajaza maneno". Sawa mkuu. Lakini mdogo wangu, ambaye shuleni alipita na historia kwa kupapasa, aliniuliza Jumapili wakati wa chai kama ni kweli Mwafrika aliwahi kufika Japani kabla ya Wazungu kugawana Afrika. Nikamwambia ndiyo, miaka mia tatu kabla. Akauliza alifikaje. Tukazungumza habari za merikebu za Goa, bandari ya Wareno kule India, na soko la watumwa mpaka chai ikapoa. Hajawahi kuniuliza kitu kama hicho baada ya mechi ya mpira.

Sasa nataka kusikia waliocheza, si waliotazama trela. Hasa kama kuna aliyejaribu kumtumia Yasuke kila alipoweza, akamwacha Naoe pembeni. Mimi nilishindwa, nilipokuwa naye nilikuwa namalizwa na wapiga mishale wa juu ya mapaa kabla sijafika ngazi ya pili ya Himeji. Ulipita wapi?