Tupeane uzoefu: wimbo, chakula au kazi ya sanaa iliyokugeuza moyo, na kama wanaume na wanawake tunaguswa sawa

Mwanaidi wa Ilala (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nilipohudhuria singo, sherehe ya kumsinga bibi harusi, ya binti wa jirani yetu. Taarabu ilipoanza, wanawake walioingia wakiwa wamenyong'onyea, na mmoja wao nilijua ametoka kufiwa, waligeuka mbele ya macho yangu: waliimba, wakalia, wakacheka, wakaondoka wakiwa wepesi. Nje ya ua, waume na kaka zao walikuwa wameketi wakisikia nyimbo zile zile, na hakuna aliyetikisa hata bega. Je, wenzetu hawa hawaguswi, au wanaguswa na kujizuia? Na upande wa chakula na kazi za mikono, mambo yako vipi? Tafadhali kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe.

Zubeda M.
Umenena, dada. Kwetu Pangani ni hivyo hivyo, na nimekuwa nikijiuliza swali hilo tangu nikiwa msichana.

Bi Mkubwa wa Vuga
Mwanangu, mimi ni mtu wa Unguja na taarabu nimeikuta nyumbani, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia. Mwaka ambao mume wangu alileta mke wa pili sikusema neno, si kwa mama yangu wala kwa shoga yangu, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba mke mwenye heshima hayatoi ya ndani. Chakula kilikuwa hakipiti, na usingizi ulinikimbia. Siku moja walinibeba karibu kwa nguvu hadi kwenye harusi. Fidla, kanuni (ile ala ya nyuzi) na akodiani vilipoingia pamoja nilihisi kifua kikifunguka, na ulipofika ubeti unaosema habari ya mtu aliyepanda mti na kivuli akakaa mwingine, niliinuka, nikanyoosha noti juu, nikatembea polepole hadi kwa mwimbaji, nikamtunza. Sikumtaja mtu, wala sikumtazama mtu, lakini ukumbi mzima ulielewa, na wanawake watatu wakanifuata nyuma na noti zao. Nilirudi nyumbani nikala ubwabwa na mchuzi wa papa, sahani nzima, nikalala hadi alfajiri.

Wasiojua hudhani kutunza ni kumpa mwimbaji fedha. Kutunza ni kusema, na ndiyo maana mtu huchagua mstari wa kuinukia. Mwanamke wa pwani ana unyago, ana lelemama, ngoma ya wanawake, ana taarabu, ana kanga yenye jina la kumjibia asiyetaka kujibizana naye kwa mdomo. Sasa nionyesheni mwanamume ambaye jamii imempa hata kimoja kati ya hivyo.

Mzee wa Kahawa Chungu
Bi Mkubwa, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Taarabu haikuanza kuwa ya wanawake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri ili ajifunze kanuni, na klabu ya Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905 ilikuwa ya vijana wa kiume waliokutana kupiga na kusikiliza. Tulikuwa na mahali petu. Tuliketi, tukafumba macho, na mtu akiguswa alisema "Allah" kwa sauti ya chini, na hiyo ilitosha.

Kwa upande wangu kinachonigusa zaidi ni dansi la zamani. Nilikuwa kijana Morogoro wakati wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, na alipofariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, nilikaa barazani na wenzangu, kahawa na kashata mbele yetu, bila mtu kutaja jina lake hadi magharibi. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni, na gita lilipoanza kulia peke yake kila mmoja alitazama kikombe chake. Mwanzisha mada angepita pale angesema hatukutikisa bega. Nakuhakikishia, mwanangu, kwamba tulikuwa msibani.

Bi Mkubwa wa Vuga
Mzee wangu, historia hiyo naijua, lakini huwezi kuisimulia ukamruka Siti binti Saad. Aliyeitoa taarabu katika kasri na kuitia Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida hapa mjini Unguja, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ni mwanamke aliyewahi kuuza vyungu. Tangu hapo mlango ulifunguliwa nasi tukaingia. Ninyi mlikuwa ndani tayari. Kwa nini mlitoka?

Mzee wa Kahawa Chungu
Siti simruki, Mungu amrehemu. Swali lako la mwisho ni zito, na nitalifikiria kabla ya kulijibu.

Nesi Mstaafu
Naomba niingie kwa upande wa chakula, kwa kuwa nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mama akijifungua, ndugu huja na chupa ya uji wa pilipili manga, na siku chache baadaye supu ya kuku wa kienyeji, kisha anakandwa kwa maji ya moto. Watu husema uji ule unaleta maziwa na kusafisha tumbo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba unaleta mtu. Uji haujileti wenyewe. Kuna mama mkwe au dada aliyeamka usiku kuukoroga, na mzazi anapoushika mkononi anajua kwamba hajaachwa peke yake. Nimewaona mabinti wa vyumba vya kupanga, walioletewa chipsi na mume aliyechanganyikiwa, wakilia bila kujua wanalilia nini, na sikulaumu chipsi wala mume.

Muziki nao una kazi yake hapo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa akina mama 134 wenye dalili za sonona, yaani huzuni nzito, baada ya kujifungua. Baadhi walihudhuria vipindi vya kuimba pamoja na watoto wao kwa majuma kumi, wengine michezo ya ubunifu isiyo ya kuimba, na wengine huduma ya kawaida tu. Miongoni mwa waliokuwa na hali mbaya zaidi, walioimba walipata nafuu upesi kuliko wale wa huduma ya kawaida. Niliposoma habari hiyo nilizikumbuka nyimbo za kubembeleza ambazo bibi zetu walizikusanyikia chumbani kwa mzazi, na ambazo wengi wetu tumeziacha na kumkabidhi mtoto kwa simu.

Hata hivyo, nina jambo linalonisumbua. Baba wa mtoto huyo huyo hakuna anayemletea uji. Anakaa kwenye benchi nje ya wodi na mfuko wa nguo, anaagizwa dawa, anaagizwa fedha, na hakuna anayemuuliza kama amekula.

Mwana wa Kibosho
Nesi, shikamoo. Kwetu Uchagani baba ana nafasi yake. Mke akijifungua, mume ndiye anayechinja, anamwandalia mtori na kisusio, supu ya nyama na damu, na hiyo ni furaha yake kamili. Nilipomchinjia mke wangu mbuzi kwa mara ya kwanza nilihisi nimezaa na mimi. Ila napenda kusahihisha wanaofikiri mtori ni uji wa ndizi. Mtori una nyama, una mafuta, na hauwekwi pilipili manga.

Mama Careen
Mwana wa Kibosho, mama mkwe wangu ni wa Machame na anaweka pilipili manga.

Mwana wa Kibosho
Basi huyo ameshaishi Dar es Salaam muda mrefu.

Fundi Rangi
Nawaomba tusiisahau sanaa ya mkono, maana imetajwa katika mada na hakuna aliyeigusa. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, natumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuipaka kwenye vipande vya mbao ngumu za kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972. Rangi hii hukauka taratibu. Ukiweka usuli unausubiri, ukiweka mnyama unamsubiri, kisha unaanza nukta moja moja kwenye manyoya ya ndege, na huwezi kuziharakisha. Baba yangu alipofariki sikuweza kulia mbele ya wajomba zangu, lakini nilichora kanga, yule ndege, kwa muda mrefu kuliko picha yoyote niliyowahi kuifanya, na kila nukta ilinipunguzia kitu. Dada yangu wakati huo huo alikuwa akisuka ukili wa mikeka na wanawake wenzake, nao walizungumza, waliimba, waliomboleza. Sote wawili tulikuwa na kazi mikononi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu, mimi nilikuwa na ukuta.

Dereva wa Mbagala
Sikutaka kuandika, lakini maneno ya Fundi Rangi yamenifika. Mke wangu alikuwa akiuza vitumbua. Aliamka saa kumi usiku, na mimi niliamshwa na harufu ya iliki na sauti yake akiimba wimbo mmoja wa taarabu ambao hakuujua wote, kwa hiyo alirudia ubeti ule ule hadi vitumbua viishe. Alifariki kwa maradhi ya figo. Nilizika, nikapokea watu, nikarudi barabarani, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba namshukuru Mungu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja gari limejaa, abiria wanasimama, kondakta akafungua redio na wimbo ule ukatoka. Nilivumilia mwanzo. Ulipofika ubeti wake, mikono yangu ililegea kwenye usukani. Namshukuru Mungu tulikuwa tunakaribia kituo. Niliingiza gari pembeni, nikazima, nikainamisha kichwa na kulia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kondakta alidhani nimepandwa na malaria. Abiria wanaume waligeukia madirishani, wengine wakashuka kimya kimya na kuacha nauli zao. Mama mmoja aliyeketi kiti cha mbele, nisiyemjua hadi leo, hakuniuliza lolote. Alivua kanga yake ya mabegani akanifunika kichwa, kisha akaanza kuimba pamoja na redio, na wanawake wa nyuma wakaitikia, ubeti hadi ubeti, mpaka wimbo ukamalizika. Kisha akasema, "Sasa twende, baba, watu wana kazi." Nikawasha gari tukaenda.

Kwa hiyo mwanzisha mada, jibu langu ni kwamba tunaguswa. Sijui kama ningelia siku ile kama gari lingejaa wanaume watupu. Nadhani ningeishia kusema injini imepata joto.

Zubeda M.
Pole sana, kaka yangu. Nimesoma huku machozi yananitoka.

Mwana wa Kibosho
Pole sana, ndugu. Mungu ampumzishe mkeo mahali pema.

Mpenda Sheria
Nampa pole, lakini ni lazima niseme kwamba mtu mwenye majonzi kiasi hicho hakupaswa kubeba roho za watu. Je, kama asingefika kituoni?

Nesi Mstaafu
Mpenda Sheria, hoja ya usalama ni ya haki, na hukuikosea. Lakini tazama ni nani uliyemwelekezea. Mtu huyu alirudi kazini kwa sababu watoto wanakula kila siku, na hakuna aliyemwambia kwamba majonzi yasiyotolewa hayaishi. Laiti wenye magari wangewapa madereva waliofiwa muda wa kutosha, tungekuwa tunazungumza mengine.

Fundi Rangi
Nami niongeze kwamba alisimamisha gari. Wapo wasiosimamisha.

Mwalimu wa Saikolojia
Nimefuatilia kwa makini, na naona tuwe waangalifu tusije tukagawa mioyo kwa jinsia. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki unaomsisimua hadi mwili kusisimka, ubongo hutoa dopamini, kemikali ile ile inayohusika na raha ya chakula. Mwanamume na mwanamke wote wana ubongo wa namna hiyo. Kinachotofautiana sana ni kile ambacho mtu amefundishwa kukionyesha, na mbele ya nani. Mzee aliyetazama kikombe na Bi Mkubwa aliyeinua noti wamepatwa na jambo moja.

Kwa Dereva, ushauri wangu ni usikilize wimbo ule kwa hiari yako, nyumbani, ukiwa na mtu unayemwamini, kabla haujakukuta tena barabarani.

Mama Careen
Mimi ningesema kinyume. Auache wimbo kwanza, aanze na chakula, maana chakula hakimshtukizi mtu.

Zubeda M.
Ajiunge na kwaya au kikundi cha kaswida, kulingana na dini yake. Huko wanaume huimba kwa kifua chote na hakuna anayewauliza kwa nini macho yao yana maji.

Mzee wa Kahawa Chungu
Bi Mkubwa, uliniuliza kwa nini tulitoka, nami nimelifikiria. Nadhani hatukufukuzwa na mtu. Tulianza kuona kwamba kusikiliza ni kazi ya wasio na kazi, tukawaachia ninyi ukumbi, tukabaki na baa na mpira. Nasikitika kwa hilo. Dereva, kama unafika Kariakoo siku za Jumapili, baraza letu lina nafasi, na redio ipo.

Dereva wa Mbagala
Nashukuru nyote, na mzee nitakuja. Mama Careen, chakula nimeshaanza. Shemeji yangu alinirudishia kikaango cha vitumbua cha marehemu, na binti yangu anataka nivipike kama mama yake, lakini vyangu vinashika chini na katikati vinabaki vibichi. Nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Vuga
Baba, mchele uulowekeshe tangu jioni, uusage na tui zito la nazi, hamira kidogo na iliki. Uache uumuke vizuri. Moto wako ni mkubwa. Punguza mkaa, utie mafuta kila shimo, na usikigeuze mpaka ukingo ukauke.

Mama Careen
Hamira isiwe kidogo, iwe ya kutosha, la sivyo vitakuwa vigumu. Na kikaango cha chuma cha zamani kikaushe motoni kwa mafuta kwanza kabla ya kumimina unga.

Bi Mkubwa wa Vuga
Hamira ikizidi inatia uchachu. Afuate ya kwangu kwanza, na akimaliza atueleze binti amesemaje.