Malori ya mafuta yalazimishwe kupita mchepuko, yasiingie Arusha mjini?

Mama Njiro: Wakuu, jana asubuhi kwenye foleni ya Philips, hapa Arusha mjini, lori la mafuta lilikuwa ubavuni mwa daladala yetu. Kibao chake cha rangi ya machungwa kimeandikwa 33 juu, yaani kinachowaka upesi sana, na 1203 chini. Hiyo 1203 ni petroli. Barabara ya mchepuko ya Usa River hadi Kisongo ipo. Kwa nini sheria isiyalazimishe kupita huko? Na madereva wenyewe hawajali, utingo alikuwa anavuta sigara dirishani!

Dereva wa Himo: Dada, miaka kumi na moja nabeba mafuta, kiberiti hakijawahi kuingia kwenye kabini yangu. Kabla ya kushusha nafunga kwanza waya wa ardhi, wa kuondoa umeme unaoweza kutoa cheche, hata mvua inyeshe. Leo mimi ndiye nisiyejali?

Mama Njiro: Kaka, sijakusema wewe. Nimesema niliyemwona.

Dereva wa Himo: Umeandika "madereva". Na hicho kituo unachojazia gari pale Njiro, mafuta yatafikaje bila kuingia mjini?

Chalii wa Sakina: Sheria zimejaa. Mafuta yanasimamiwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji; kemikali na Mkemia Mkuu wa Serikali tangu sheria ya 2003; leseni ya gari na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; barabarani trafiki. Tatizo ni watu. Morogoro 2018 lori la mafuta lilianguka tu, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka; kilichoua ni tamaa ya mafuta ya bure.

Mluguru wa Moshi: Ni 2019, Agosti 10, Jumamosi asubuhi, Msamvu. Walikufa zaidi ya mia moja. Binamu yangu alikuwa bodaboda, ametoka kumshusha abiria stendi. Hakushika dumu. Shangazi alimtambua kwa bizimu ya mkanda. Futa hilo neno tamaa.

Chalii wa Sakina: Pole sana kwa msiba. Lakini wenye madumu walikuwepo, tusidanganyane.

Mluguru wa Moshi: Pole yenye "lakini" baki nayo.

Mzee wa Majengo: Chalii, sikiliza mwanangu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unashuka mtaroni, unaufuata moto ulipo. Anayechota na anayepita zake wanaungua pamoja. Ndiyo maana lori likipinduka watu wasogezwe mbali kabla ya kitu kingine. Na wewe unayewahukumu marehemu, mtungi wako wa gesi ulifikaje Sakina?

Chalii wa Sakina: Bodaboda, kama kila mtu.

Mzee wa Majengo: Mtungi ulikuwa umesimama au umelala?

Chalii wa Sakina: Umelala, umefungwa mpira. Kuna shida?

Mzee wa Majengo: Mtungi ukilala, gesi iliyo majimaji ndiyo inayokaa kwenye valvu. Ikivuja hapo, tone moja linakuwa wingu, zaidi ya mara mia mbili ya lilivyokuwa. Na injini ya moto iko chini yake.

Fundi wa Tengeru: Mzee umesema kweli, ila bodaboda ukimwambia ausimamishe anakuongezea nauli.

Chalii wa Sakina: Kwangu aliomba elfu moja zaidi. Nilikataa.

Mluguru wa Moshi: Elfu moja. Halafu wenye tamaa ni wa Msamvu.

Dereva wa Himo: Mama Njiro, hilo lori lilikuwa na namba gani? Huyo utingo nataka atafutwe leo leo.

Mama Njiro: Sikuishika, kaka. Macho yote yalikuwa kwenye ile 1203.